Mwache Asahau Kwanza

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Mzee Anselm, Mwenyekiti wa kamati ya kituo hiki cha kulelea watoto. Baba Paroko na Mchungaji, ambao leo mmekaa benchi moja. Walezi wa kituo. Wazazi wetu mliotoka Mbulu na Hanang. Akina mama wenzangu wa sokoni: wakubwa wote shikamooni, wadogo hamjambo.

Mimi ni Fabiola, Mama Laurian, muuza perege. Nimeambiwa nishukuru kwa niaba ya wazazi, tena kwa kifupi. Nashukuru. Jengo ni zuri, vyoo ni vya kimo cha watoto, na ukutani kuna twiga ambaye ukimwangalia kwa upole unamtambua. Kamati mmefanya kazi, Mungu awabariki.

Lakini mlangoni mmeandika: watoto wa miaka miwili na kuendelea. Nilimuuliza Mzee Anselm, wanaonyonya je? Akasema, "Mama Laurian, hao si wana bibi zao?" Kamati nzima ikacheka. Mimi sikucheka, na leo naomba niwaeleze kwa nini.

Wote tunajua tunavyowaachisha watoto kunyonya. Mama akitaka kurudi sokoni, au mimba nyingine ikiingia, mtoto anafungwa mgongoni, anapandishwa basi kwenda kwa bibi. Nawe mama unaonywa usimfuate: "Akikuona atataka ziwa. Mwache asahau kwanza." Ndivyo alivyokwenda Laurian wangu, akiwa anajua kusema mama, maji, na jina la mbwa wa jirani. Hamu iliponizidi nikapanda basi kwenda kumwona. Mnajua niliwekwa wapi? Jikoni, nyuma ya pazia la gunia, nichungulie! Nikamwona anacheza na kifuniko cha sufuria, maziwa yananidondoka, na kumgusa sikuruhusiwa. "Usimharibu," nikaambiwa, "ameshaanza kusahau."

Naam, alisahau. Alirudi na mashavu, maana bibi yake alimlisha vizuri, hilo sitalikataa hata siku moja. Lakini alinitazama kama anavyotazamwa mgeni aliyesimama kuuliza njia. Hata yale maneno machache alikuwa ameyaacha. Mkasema amechanganya Kiiraqw cha kwa bibi na Kiswahili. Amechanganya nini, jamani, wakati hakuwa na Kiiraqw wala Kiswahili? Akianguka halii. Anainuka, anajipangusa, anaangalia ukuta. Majirani mkanipongeza: "Mama Laurian, una bahati, mtoto mpole hivi!" Mtoto mdogo anaumia, hamtafuti mtu yeyote, huo nao ni upole?

Sista Tabitha wa kliniki ndiye aliyenikalisha chini. Akaniambia, "Mdogo kama huyu hajui kwamba mama amekwenda na atarudi. Kwake yeye, mama akitoweka ameisha." Akanieleza kwamba mtoto anajifunza kusema, kucheza, hata kutulia, kwa kuangalia uso anaouzoea, na uso huo ukiondolewa ghafla, nguvu zake zote zinakwenda kwenye kuutafuta, na baadaye kwenye kuacha kuutafuta. Sasa Laurian yuko darasa la awali, mwalimu anasema ni mzito. Nikienda chooni anakaa mlangoni. Nikichelewa sokoni hali chakula. Anafunguka, ndiyo, kidogo kidogo. Juzi alinigombeza kwa sababu uji umepoa, nikafurahi mpaka nikacheka peke yangu. Lakini ni kazi, ndugu zangu. Nimechoka, na kazi hii hakukuwa na haja ya kuitengeneza.

Simsemi mama aliyelazwa, wala anayelea mtoto wa marehemu dada yake. Bibi wengi wamelea na watoto wakasimama vizuri. Ninachokisema ni hiki cha kumficha mama aliye hai nyuma ya gunia, halafu tunakiita malezi.

Sasa niseme la kwangu. Nina wa pili, Irine, bado ananyonya, huyo mliyemsikia akishindana kwa kilio na msoma risala. Mama mkwe wangu, Mama Bernadeta, huyo huyo aliyemlea Laurian, yupo pale mstari wa pili, shikamoo mama. Amekuja kwenye sherehe, na amekuja kumchukua Irine. Basi la kwenda Mbulu ni kesho asubuhi. Jana tukiwa tunakula nilisema hapana, Baba Laurian akaniambia, "Usimvunjie mama heshima. Na kituo kimekataa wadogo, utauza samaki na mtoto mgongoni mpaka lini?" Ningejibu nini, wakati kamati yangu mwenyewe ilikuwa imeshamjibia?

Mheshimiwa Diwani, kabla hujakata utepe, naomba uingie kile chumba cha nyuma kilichojaa viti vya shughuli. Viti vinaweza kukaa popote. Tuwekeeni mikeka na mlezi mmoja, sisi tutakuja kunyonyesha na kurudi kwenye meza zetu. Soko liko hapo tu, mkituita tunasikia. Mzee Anselm, naona unaangalia saa. Namalizia, mzee wangu, ila chumba nakihitaji kuanzia Jumatatu.

Na wewe mama. Umenipokea vizuri tangu naolewa, na mkono wako kwa watoto naufahamu. Usinijibu hapa mbele za watu. Lakini Irine haendi Mbulu kesho. Begi alilolifunga Baba Laurian jana nimelifungua leo asubuhi, nguo ziko kwenye kamba. Ukitaka kumlea, nami nataka sana umlee, kaa nasi. Chumba cha mbele nimeshakifagia na kitanda nimekitandika. Mchana akusikie wewe ukimwimbia, na jioni anione mimi nikiingia.

Nawashukuru wote mlionivumilia mpaka hapa. Asanteni sana.