Moto wa Siku ya Saba: Maisha ya Bi Taramati Jamnadas (1950–2025)

Ndugu, jamaa na majirani mliokusanyika hapa Maskati asubuhi ya leo, Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025: wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili kwa sababu marehemu aliagiza hivyo. Kigujarati alikisali, Kiarabu alikitumia madukani, lakini Kiswahili ndicho alichokilia na kukichekea. Aliagiza pia usipambwe. Alikuwa fundi wa nguo, na kila siku akisema kwamba mshono unaofichwa ubovu ndio unaofumuka mwanzo. Basi mtasamehe mkisikia yasiyosomwa kwa kawaida mbele ya maiti.

Bi Taramati, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Tara, alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 mtaa wa Mkunazini, Unguja, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Bwana Purshottam Soni, sonara, na marehemu Bi Jasumati. Alipokuwa na miaka saba alitafutwa asubuhi nzima siku ya sikukuu, akaja kuonekana uani kwa jirani, ameshika andazi la moto kila mkono. Mama yake hakumpiga. Alimsukutua kwa maji ya mtungi, akampeleka mbele ya jiko lililozimwa, akamwambia aombe radhi. Bi Tara alikihadithia kisa hicho kwa kicheko mpaka alipofika miaka thelathini na sita. Baada ya hapo hakukihadithia tena.

Kwa ambao hawaijui sikukuu hiyo, ni lazima ielezwe, maana ndiyo iliyoyashika maisha yake. Wagujarati huiita Shitala Satam, siku ya saba tangu mbalamwezi ya Shravan, mwezi wa kalenda ya Kihindu, ianze kupungua nuru, na aghalabu huangukia Agosti. Siku ya kuamkia, chakula chote hupikwa, kisha jiko huzimwa na kuoshwa. Siku yenyewe hapawashwi moto ndani ya nyumba. Watu huoga maji baridi na kula kiporo: mikate ya uwatu, maziwa ya mgando, na vitu vya namna hiyo. Jiko hupakwa unga mwekundu na kuabudiwa, na kina mama hufunga na kumwomba Mama Shitala, mungu wa ubaridi, awakinge watoto na ndui na homa. Wazee husimulia kwamba Mama huyo hupita nyumba kwa nyumba kujilaza juu ya majivu yaliyopoa. Akikuta moto huungua, na akiungua humwapiza mtoto wa nyumba ile.

Marehemu alisoma shule ya wasichana mjini Unguja na kumaliza darasa la kumi na mbili mwaka 1967. Familia ilihamia Dar es Salaam mwaka 1969, na huko alijifunza ushoni kwa miaka miwili. Tarehe 11 Februari 1973 aliolewa na Bwana Jamnadas Ratansi, ambaye jamaa zake walikuwa na duka la vitambaa Matrah, na Aprili ya mwaka huo akaja Maskati. Walijaaliwa watoto watatu: Bhavna mwaka 1975, Nilesh mwaka 1982 na Paresh mwaka 1984.

Kazi yake mnaijua, kwani baadhi yenu mliolewa ndani yake. Kuanzia mwaka 1981, walipohamia Khuwair ya Kusini, alishona magauni ya harusi na suruali za marinda kwa familia zilizotoka Unguja. Mwanamke aliyetaka kifua kiachwe wazi kupita kiasi aliambiwa aende kwa fundi mwingine, na aliyechelewa siku ya kupimwa aliambiwa hivyohivyo. Jirani yake wa nyumba ya pili, Bi Shaikha binti Marhoon, aliyepo hapa leo, alikuwa akimtania kwamba amekuja kushonewa nguo, hakuja kuhukumiwa. Bi Tara akimjibu kwamba kwake yote mawili hufanywa kwa sindano moja.

Sasa tufike mwaka 1986. Shitala Satam ya mwaka ule ilikuwa Jumanne, tarehe 26 Agosti. Wanaoishi hapa wanajua kwamba mwezi wa Agosti maji ya tangi la juu ya paa hutoka bombani yakiwa ya moto. Kwa hiyo Bi Tara aliyateka tangu jana yake, akayaweka ndoo tatu chumba cha ndani ili yapoe. Alipika, akafunga gesi, akaliosha jiko kwa mkono wake. Asubuhi alikoga, akavaa sari nyeupe, akaingia jikoni na mama mkwe wake kufanya ibada. Mama mkwe alinyoosha kidole kupaka unga mwekundu, akakirudisha. Jiko lilikuwa na joto.

Ibada ilifanywa juu ya jiko lile lile. Siku ya tatu Nilesh alishikwa na homa, na Jumapili tarehe 31 Agosti alifariki hospitali, akiwa na miaka minne. Daktari alisema ni homa ya uti wa mgongo. Nyumbani mama mkwe alisema jambo jengine, akalisema mbele ya wageni wa matanga: kwamba Mama Shitala alikuja kulala, akaungua, na aliyemuunguza ni mwanamke asiyejua hata kufunga gesi. Wanawake waliokuwapo walitazama sakafu. Hakuna aliyemwambia bibi yule anyamaze. Neno lile lilikuwa dhulma, na ukimya wa waliosikia ulikuwa dhulma ya pili. Wapo walio hai ambao walikuwamo chumbani siku ile.

Tangu mwaka uliofuata, mwezi wa Julai ukiingia, Bi Tara alipungua maneno. Alifunga kila Jumatatu ya Shravan na kwenda kusali hekaluni. Alikuwa akipita na kiganja kwenye vipaji vya nyuso za watoto, wake na wa wenziwe, asubuhi na jioni. Ikifika siku ya sita, mtungi wa gesi ulitolewa uani na viberiti vyote vikapelekwa kwa Bi Shaikha. Bi Shaikha alimuuliza mara ya kwanza, "Shoga, ndiyo unnipa vyote hivi? Kesho utasema nimekuibia." Bi Tara alimkumbusha ni siku gani ile. Bi Shaikha hakutania tena siku hiyo, na Agosti zilizofuata, siku kama ile, hakukaanga samaki nyumbani kwake. Alipoulizwa na wanawe alisema kwamba yeye ni Muislamu na haabudu jiko, lakini hatomtia mwenzake roho juu kwa harufu ya mafuta.

Bwana Jamnadas aliyaona yote hayo miaka ishirini na mitano. Aliuona mtungi ukitolewa na mkewe akigusa jiko kwa nyuma ya mkono mara kumi asubuhi moja, kama mtu anayegusa mgonjwa. Mwezi wa Novemba 2011, moyo wake ulipokuwa umechoka na madaktari wamemrudisha nyumbani, alimwita mkewe akamwambia. Alfajiri ya siku ile ya mwaka 1986 aliamka mapema kwenda kupokea mzigo bandarini. Alisahau siku. Aliwasha gesi, akachemsha chai, akaifunga, akaosha sufuria na kuirudisha mahali pake. Aliporudi alikuta mama yake ameshamlaumu mkewe kwa lile jiko, akaona haya. Kesho yake haya ilizidi, na mtoto alipofariki akaona mlango umeshafungwa.

Bi Tara hakupiga kelele. Alisema, "Ungenambia siku ile, ningekuwa na mtu wa kulia naye."

Bwana Jamnadas alifariki siku tisa baadaye. Mkewe alimsamehe na akawaambia hivyo watoto wake. Lakini kusamehe hakukumpa wepesi. Mtu angetaraji kwamba aliyejua hana kosa angeacha mtungi mahali pake. Mwaka 2012 aliutoa kama kawaida. Bhavna alipomuuliza, alijibu kwamba moto haukuuliza umewashwa na nani, na wala haujasema kama umemaliza. Maneno hayo yaliwaingia wanawe, na ndiyo yaliyokaa nyumba ile.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2004. Figo zilidhoofika mwaka 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Tarehe 2 Agosti mwaka huu alilazwa, na hakutoka tena. Kila asubuhi alimuuliza Bhavna leo ni siku ya ngapi ya Shravan, naye akimtajia. Jumapili tarehe 10 aliwaita watoto wake wote wawili. Alisema hatofika mbali, na kwamba maiti yake ichomwe siku ya saba yenyewe, si kabla wala baada.

Paresh ndiye mwana wa kiume, na kwa desturi yetu yeye ndiye anayemwashia mzazi moto. Alimwomba mama yake achague siku nyingine. Alisema, "Mama, siku ile hatujawasha hata ubani. Na mimi nna mtoto wa miaka minne."

"Ndiyo maana," alisema Bi Tara. "Siku hiyo nimeikimbia miaka thelathini na tisa. Niwasheni siku hiyohiyo, nionane nayo uso kwa uso. Ikiwa inadai, inidai mimi, isimtafute mtoto."

Jumatano jioni mwana wa Paresh, Dhruv, alipata homa. Jana, Alkhamisi tarehe 14 Agosti, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Bi Taramati alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Ilikuwa siku ya sita. Katika nyumba zetu kina mama walikuwa wamesimama jikoni wanapika chakula cha leo.

Haifai kuficha kilichofuata, kwa kuwa wengi wenu mmekisikia nusunusu. Mchana wa jana jamaa walikutana nyumbani Khuwair. Maharaji, kuhani wa hekaluni, aliulizwa, akasema hajaona katazo, kwani moto wa maiti si moto wa jiko, lakini mwenyewe angengoja. Wengine walisema Jumamosi. Wakakumbushwa kwamba Jumamosi ni kuzaliwa kwa Krishna, wakasema basi Jumapili, na marehemu akae kwenye jokofu la hospitali. Shangazi mmoja alimwambia Paresh asicheze na kichwa cha mwanawe. Paresh alikuwa amekaa na simu mkononi, anangoja mkewe amwambie kipimo cha joto. Kilikuwa thelathini na tisa.

Bhavna alisema, "Mama hakuomba ruhusa. Aliagiza."

Ndipo Bi Shaikha, aliyekuwa amesimama mlangoni, akazungumza. Alisema dini hii si yake na hatotia neno katika ibada ya watu. "Lakini mimi nilikuwamo chumbani mwaka ule," alisema. "Nilimsikia yule bibi, nikatazama sakafu. Nilikuwa kijana, nikaona si mahali pangu. Paresh, mwanangu, mtoto hauawi na chai ya baba yake. Ilinipasa nimwambie mama yako siku ile. Nakwambia wewe."

Paresh alikwenda kumtazama Dhruv, akakaa naye karibu saa nzima, na aliporudi alisema ni Ijumaa.

Daktari aliyemwona mtoto jana alasiri amesema ni mafua. Hadi wasifu huu ulipokuwa unapigwa chapa alfajiri ya leo, homa ilikuwa haijashuka. Hatusemi kwamba hofu haimo miongoni mwetu, maana imo, na baadhi ya jamaa hawakuja kwa ajili yake. Tunasema tu kwamba hofu si ibada. Marehemu alifunga na kusali kwa unyofu maisha yake yote, na aliyemtwika mzigo ni mdomo wa binadamu na ukimya wa binadamu. Mwenye neno la kumtua mwenzake asingoje kitanda cha mauti.

Marehemu ameacha binti, Bhavna, na mwana, Paresh; mkwe, Rinal; wajukuu wawili, Aditi na Dhruv; kaka yake, Bwana Mahendra Soni wa Dar es Salaam; na Bi Shaikha binti Marhoon, ambaye marehemu aliagiza aandikwe miongoni mwa ndugu.

Leo ni siku ya saba. Majumbani mwenu majiko ni baridi, na hakuna aliyewasha kiberiti tangu alfajiri. Paresh sasa atawasha kimoja. Tunawaomba msitazame chini.

Apumzike kwa amani, mahali penye ubaridi.