Maiti Aliyepumua

Mpendwa wetu, mwongoza filamu mliyemzoea kwa jina la Mara Moja, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yetu, fundi saa. Alikuwa kifungua mimba. Dada yake anayewasomea haya alimfuata.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, ingawa muda mwingi alikuwa mahakamani, benchi la nyuma, akisikiliza kesi za wezi. Baba alimchapa. Kesho yake akarudi kule kule.

Mwaka 1988 alinunua kamera ya mtumba, na tangu hapo akatengeneza filamu kumi na moja za majambazi, kwenye magereji, ngazi za majengo na jikoni kwetu. Bastola zilikuwa za mbao. Kila tukio alilipiga mara moja tu, ukikosea, imetoka hivyo hivyo. Kanda zikimwishia, alirekodi filamu mpya juu ya ile ya zamani. Kumkataza kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa.

Alifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1991. Miaka miwili baadaye, kanda ya harusi ilifutwa na filamu yake ya wizi wa benki. Wifi alinuna mwezi mzima.

"Kanda ya nini, na mimi mwenyewe nipo?" kaka alimuuliza.

Kikohozi kilianza Oktoba 2021. Kila alipohimizwa aende hospitali, alijibu, "Nimalizie tukio moja." Alipokwenda, mapafu yalikuwa yameharibika. Jambo hili linatuudhi mpaka leo. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Aprili 2022, saa kumi alasiri, wifi akiwa amemshika mkono.

Tulitafuta kanda yoyote yenye sura yake. Ilipatikana moja, ya mwaka 1996, kwa sababu jirani aliiazima asiirudishe. Siku ile mwigizaji wa maiti hakutokea, hivyo kaka akalala sakafuni mwenyewe. Kifua kinapanda na kushuka, waziwazi.

"Baba watoto, maiti anapumua. Rudia," wifi alimwambia.

Alikataa, na watazamaji wakatucheka miaka yote. Juzi wifi alikaa sebuleni akaitazama sehemu hiyo mara nne, kisha akasema, "Afadhali hakurudia."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na dada mmoja ambaye hasira hazijamwisha. Mungu ampumzishe kwa amani, ile ambayo sisi hakutupa.