Selpha Kageha Hakuiharibu Ile Mashine

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama sufuria iko motoni, punguza moto kidogo, ukae usikilize. Leo tunamkumbuka Daktari Selpha Kageha, aliyezikwa Jumamosi iliyopita kwao Soy. Wengi wenu hapa Eldoret mnamjua kwa neno moja tu: yule mama aliyeharibu mashine ya chuo. Hakuiharibu. Narudia, na nitasema tena kabla hatujaagana. Selpha hakuiharibu.

Baba yake alitoka magharibi kuja kufanya kazi katika mashamba ya ngano. Selpha alisoma hapa, akasoma Nairobi, kisha akapelekwa Ulaya. Alirudi mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na tatu, na sanduku moja zito. Mdogo wake, Hellen Nanzala, anakumbuka.

"Tulijua ametuletea nguo," anasema Hellen. "Tukafungua mbio mbio. Tukakuta makoti meupe, vifuniko vya kichwa, soksi za kuvaa juu ya viatu. Mama akamwangalia, akamuuliza, 'Selpha, kumbe serikali ilikupeleka ng'ambo kusomea kufuga nyuki?'"

Hakusomea nyuki, wasikilizaji. Ndani ya redio yako hiyo kuna kipande kidogo kuliko ukucha, kimejaa mistari myembamba kuliko unywele. Mistari hiyo huchorwa kwa mwanga. Punje ya vumbi ikiangukia mistari hiyo, ni kama jabali limeporomoka katikati ya barabara. Kwa hivyo kazi hiyo hufanywa katika chumba kisicho na vumbi kabisa, na kila anayeingia huvaa yale makoti. Vyuo vitatu vya hapa kwetu viliungana vikajenga chumba kimoja cha namna hiyo. Selpha akapewa akiangalie.

Sasa sikilizeni shida ilikuwa wapi. Mashine za kawaida za kuchora hivyo zinahitaji kioo chenye mchoro tayari, mwanga upitie hapo. Kioo kilitoka Ulaya. Mwanafunzi alikaa nusu mwaka akikingoja, na mchoro ukiwa na kosa, anaanza kungoja upya. Wengi walimaliza masomo bila kutengeneza chochote kwa mikono yao. Selpha alitaka mashine ya aina nyingine, isiyotumia kioo. Mwanga wenyewe unachora, kama kalamu. Ukikosea asubuhi, unarekebisha mchana.

Kamati ya ununuzi ilimzungusha sana. Mwenyekiti alikuwa na rafiki aliyeuza zile za kawaida. Mwishowe Selpha alimuuliza mbele ya wote, "Mwenyekiti, mtihani ukiwa na kosa, si karani anachapa stensili nyingine ya kunakilia hapo hapo ofisini? Sasa wewe ungekubali kila stensili iagizwe Ulaya?" Watu wakacheka. Mashine ikaagizwa. Nadhani mwenyekiti hakukisahau kile kicheko.

Ilifika Februari, themanini na saba. Mnaijua Februari ya Eldoret. Mashamba yamekauka, upepo unabeba udongo mpaka mtu anautafuna katika ugali. Mbao za sanduku ziliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba lisifunguliwe nje. Na mwenyekiti akatangaza kwamba litafunguliwa uwanjani, mbele ya mgeni wa heshima.

Ephantus Thuo, kijana aliyetoka dukani kule Cheptiret akawa fundi wa chumba kile, alisimama mlangoni akimsikia mwenyekiti akibishana na Selpha.

"Daktari, mheshimiwa atafungua nini? Mbao?"

"Akate utepe mlangoni, mzee. Mashine ifunguliwe ndani. Wageni wataiona kupitia dirisha."

"Mheshimiwa achungulie dirishani kama mtu anayeuza mayai? Wewe unataka kutumaliza?"

"Vumbi ndilo litatumaliza."

"Vumbi linapanguzwa, mama. Kwenu hamna kitambaa?"

Siku yenyewe ikafika. Viti vikapangwa juu ya mchanga. Wachezaji ngoma wakakanyaga ardhi mpaka magari hayaonekani. Selpha akatoka na koti lake jeupe, akasimama mbele ya sanduku, mikono ameitandaza. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nawaomba. Ndani. Hatua chache tu, ndani." Watu walimcheka. Vijana wa chama tawala wakamshika huku na huku wakamsogeza kando, kama watu wanaohamisha kiti. Mtaimbo ukaingia kwenye mbao. Nailoni iliyofunika mashine ikachanwa. Upepo ukapuliza. Mheshimiwa akaigusa lenzi ya mashine kwa kidole gumba, na uwanja mzima ukapiga makofi.

Na linalonichoma ni hili. Thuo anasema mheshimiwa hakuwa ameagiza lolote. "Yule mzee alikuja tu kama alivyoalikwa. Angeambiwa asubiri, angesubiri. Aliniuliza hata mimi, 'Huyu mama analia nini?' Nikaangalia mwenyekiti. Nikasema, ni furaha."

Mashine ilipowashwa ilichora mistari iliyokatika katika. Selpha na Thuo waliisafisha wiki baada ya wiki. Vumbi lilikuwa limeingia pasipofikika. Waliotuuzia wakasema sanduku lilifunguliwa nje, hawana la kusaidia. Tume ikaundwa. Mwenyekiti wa tume alikuwa nani? Yule yule. Tume ikasema mtaalamu alishindwa na kazi yake. Selpha akahamishwa, akafundishe fizikia sekondari, mbali na chumba chochote cha aina ile. Alifundisha huko mpaka alipostaafu.

Habari hiyo ilisomwa redioni. Redioni, wasikilizaji, na jina lake lote. Alikuwa jikoni na Hellen.

"Nilikimbia kuizima," anasema Hellen. "Akanishika mkono. Akasema, 'Acha, mdogo wangu. Acha imalize, nijue wanasema nini.' Alisikiliza mpaka hali ya hewa. Halafu akaendelea kuchambua mboga. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyekuja kutuambia kwamba si kweli."

Mwenyekiti alistaafu kwa heshima. Pale mlangoni pa chumba kuna kibao cha marumaru chenye jina lake. Mashine iko ndani, chini ya turubai. Kizazi kizima cha wanafunzi kilirudi kungoja vioo kutoka Ulaya.

Kwa Hellen na ukoo wote wa Soy, poleni sana. Mmebeba aibu isiyokuwa yenu, na mmeibeba kimya. Mungu awafariji.

Na wewe uliyekuwa uwanjani siku ile, nakusemesha wewe. Mlikuwa wengi, na leo hakuna kijana wa chama nyuma yako. Jina la Selpha Kageha lilichafuliwa kwa sauti kama hii yangu, kwa hivyo nalisema kwa sauti hii hii: hakuiharibu mashine. Alikuwa mtu pekee aliyejaribu kuizuia isiharibiwe. Nyumba ya Hellen iko wazi wiki hii nzima, na chai ipo. Nenda ukae, umwambie ulichokiona.