Sukari ya Matanga

Treni ilipoondoka Kisumu, Ephantus, muuza sukari wa jumla mjini, aliona gunia la sukari katikati ya miguu ya mzee aliyeketi mbele yake. Kunyamaza hakukuwa kipaji chake. "Mzee, unashukia wapi?" Mzee akasema Muhoroni. "Unapeleka sukari Muhoroni, kwenye kiwanda chenyewe? Si ni kama kupeleka samaki wa omena Usenge, kwa wavuvi?"

"Ni ya matanga," akajibu mzee, Odongo kwa jina. "Miwa yangu ilikatwa wiki mbili zilizopita, bado inakauka kando ya barabara. Kiwanda kinasema stoo imejaa, sukari ya nje imeshika soko."

Ephantus, ambaye ghala lake lilijaa hiyo hiyo ya nje, akakohoa kidogo. "Hilo ndilo soko huria, Mzee. Punguza gharama, ushindane."

"Mbolea najinunulia, mvua namwomba Mungu. Mkulima wa huko nje analipiwa na serikali yake. Unaniambia nishindane mbio na mtu aliyebebwa kwa pikipiki."

"Na mama wa mtaa wa mabanda wa Nyalenda, mwenye watoto watano? Nimwambie anywe chai bila sukari ili wewe uuze?"

"Hapana. Hata mimi nimenunua hii ya nje kwa sababu ni ya bei rahisi."

Ephantus akatabasamu, maana hapo alijihesabu mshindi. "Pole lakini. Matanga ni ya nani?"

"Mke wangu. Tulikuwa tunangoja miwa ilipwe ndipo afanyiwe upasuaji."

Treni ikafunga breki Muhoroni. Ephantus, mwenye jibu la kila kitu kuhusu soko, akakunja miguu ili gunia lipite.