Kurasa Kumi na Moja za Kitabu cha Mujane

KARIBU PANDA

Mgeni rasmi, Mama Michelle Kazadi, msimamizi wa majengo yote ya kambi yetu ya wafanyakazi hapa Panda: umefika Jumapili, saa tisa alasiri, na kwa hilo peke yake tunakushukuru kabla hatujasema lingine. Mwenzako aliyekutangulia alikuja Jumanne asubuhi. Jumanne asubuhi sisi tuko kiwandani, tuko sokoni, tuko mashimoni tukichimba madini. Alifunguliwa mlango na mlinzi, akahesabu, akaandika: "Vitabu mia mbili na kumi na vinne. Vimechakaa. Kurasa pungufu. Wasomaji: hakuna." Tunajua barua ya kututoa humu ili chumba kiwe ghala la saruji imo mkobani mwako, na tunajua bado hujaitia sahihi. Hatutajifanya hatujui. Wasomaji ambao hawapo ndio hawa walio mbele yako, watu arobaini na sita, pamoja na wale wanaochungulia dirishani kwa kukosa benchi.

Anayekusomea ni Orpha Tshimanga, muuza dagaa, mtunza vitabu wetu. Risala tumeiandika sote, na habari zake tumezitia humu bila ruhusa yake. Aliapa kusoma kila neno. Haya, Orpha, soma na hili: wewe ni hodari, ila mwoga wa bure.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilikuwa kantini ya wafanyakazi. Kilipofungwa, vitabu vya klabu yao vilitupwa uani ndani ya makasha. Papa Barthélemy, fundi wa umeme aliyestaafu kutoka bwawa la umeme la Koni, yule pale mbele mwenye miwani nyeusi, alivibeba kwa baiskeli, safari saba, mvua ikimtishia kila safari. Watu walimcheka. Aliwajibu: "Courant ya umeme peke yake haiangazi muntu."

Vitabu vingi ni vya Kifaransa, na si kila mmoja wetu alikaa shuleni muda wa kutosha. Basi Papa akaanzisha desturi tuliyo nayo hadi leo. Kila Jumapili, Wakatoliki wakishatoka misa, na ndugu zetu wa kilokole wakishatoka ibada yao, ambayo saa ya kuisha Mungu peke yake anaijua, tunakaa hapa. Msomaji anasoma Kifaransa kwa macho, na mdomoni kinatoka Kiswahili. Hakuna anayemkatiza. Hata watoto wachanga wamezoea.

VITABU TUNAVYOVIPENDA

Anayerudisha kitabu hapa haruhusiwi kusema "ni kizuri" akaenda zake. Orpha humzuia mlangoni na kumwuliza: "Juu ya nini?" Yaani, kwa sababu gani? Jibu linaandikwa kwenye kipande cha karatasi na kukaa ndani ya kitabu. Vitabu vyetu vimenenepa kwa karatasi hizo.

Jimmy, mchimbaji, anapenda kitabu cha mapishi kuliko riwaya zote. Ameandika: "Juu mu shimo hakuna harufu ya vitunguu." Mama Germaine, mjane wa mtu wa kiwanda, amesoma mara nne kitabu kimoja cha polisi, akaandika: "Juu mwizi anakamatwa. Huku kwetu sijaona bado." Steve, dereva wa taksi-basi, huazima kamusi tu. "Juu kila neno iko na fasi yake," ameandika, "na hakuna neno inapita ingine."

Lakini kitabu kipenzi cha wote hakina jalada. Jina lake halisi hatukulijua kwa miaka mingi. Tulikiita Kitabu cha Mujane. Ni habari ya mwanamke anayebaki peke yake katika nyumba karibu na reli, na mashemeji zake wanakuja mmoja mmoja kumtoa. Papa Barthélemy alitusomea kila mwaka, na kila mwaka mwisho wake ulitutoa machozi. Mjane anatoa kiti nje, anakaa mlangoni. Shemeji wa mwisho, yule kijana, anakuja na karatasi ya kumwondoa. Jua ni kali, anaomba maji. Mjane anampa maji, kisha anamwachia kiti. Kijana anakaa, kiti kinayumba. Anaangalia karatasi yake, anaikunja mara nne, anaiweka chini ya mguu mfupi wa kiti. Kinatulia. Basi, hadithi inaishia hapo.

KUHUSU KURASA PUNGUFU

Sasa tunaomba uvumilivu wako, kwa maana hapa ndipo mwenzako alipoandika kweli bila kuijua.

Mwaka jana macho ya Papa yaliingia ukungu. Kitabu cha Mujane kilikuwa kimebaki Jumapili moja kiishe, naye akamkabidhi Orpha. Wiki nzima Orpha alijizoeza sokoni, akiwasomea dagaa. Lakini mwisho hakuufungua. Alitaka kuukuta mbele yetu, aulie pamoja nasi. Siku ikafika. Alisoma mpaka ukurasa wa mia moja themanini na saba, shemeji kijana akiwa bado njiani, akafunua. Hapakuwa na kitu. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimeng'oka zamani sana, hata uzi ulikuwa umeoza.

Orpha alitazama sakafuni, chini ya benchi. Alidhani yeye ndiye aliyezipoteza, kati ya soko na nyumbani, na kwamba amewaulia watu mjane wao. Alimwinamia Papa, akanong'ona:

"Papa, mwisho haiko."

"Miye najua."

"Toka lini?"

"Toka siku nilileta makasha. Soma tu, mutoto yangu. Weye unaijua."

Orpha alirudisha macho kwenye karatasi ambayo haikuwapo, akasoma. Akatoa kiti nje, akaleta maji, akakunja barua. Tulilia kama kawaida yetu, na Mama Germaine akapiga vigelegele.

Siri ile ilimkosesha raha wiki mbili. Jumapili ya tatu alisimama akatuambia yote. Jimmy aliruka juu: "Kumbe miaka yote tulikuwa tunalia juu ya bongo, uongo mutupu?" Papa akamjibu bila kugeuka: "Machozi yako ilikuwa ya bongo?" Jimmy akakaa.

Kalenga, dereva wa lori, hakuridhika. Alitafuta Lubumbashi miezi miwili, akiwasimulia wauza vitabu habari ya mjane, mpaka akapata kitabu kizima, chenye jalada na kurasa zote. Orpha alitusomea mwisho wa kweli: mjane anauza nyumba, anapanda treni, na anatokomea mbali kwa dada yake. Hakuna aliyelia. Mama Germaine ndiye aliyesema: "Mwandishi alichoka."

Tukafanya jambo ambalo wenye elimu watatucheka. Papa alitamka, Orpha akaandika kwa mwandiko wake wa shule, kurasa kumi na moja kamili, tukazishona kwa uzi wa viatu ndani ya kitabu kibovu. Vitabu vyote viwili viko rafuni, mgeni rasmi, unaweza kusimama uvitazame. Kile kizima hakijaazimwa hata mara moja. Kile chenye "kurasa pungufu" kina watu kumi na tisa wanaokingojea kwa zamu, na miongoni mwao yumo mlinzi aliyemfungulia mwenzako mlango. Tunaona fahari, na hatuifichi.

SHIDA YETU NA OMBI LETU

Shida yetu umeibeba wewe, kwa hiyo hatutairudia. Saruji ni kitu chema, nyumba za kambi zinaihitaji, na hatuna ugomvi nayo. Lakini saruji ina pa kwenda. Sisi tukitoka hapa, vitabu vitarudi uani vilikotoka, na Papa Barthélemy hana tena macho ya kuendesha baiskeli.

Hatuombi vitabu vipya, wala rangi, wala mabati, ingawa pale juu kushoto panavuja. Tunaomba chumba hiki tu. Tena tunaomba, ukipenda, usiondoke mara tukimaliza: leo ni zamu ya Mujane, na Orpha amefika pale shemeji kijana anapoonekana kwa mbali kwenye reli.

Mungu anayesikia misa na anayesikia ibada ndefu akulinde barabarani, akupe macho ya kusoma mpaka uzee, na nyumbani kwako asikosekane wa kukusomea yakichoka.

Neno la mwisho ni la kuomba radhi. Maji yako yako mezani, ni ya baridi. Na kiti tulichokupa kinayumba kidogo, bila shaka umekwisha kukisikia. Tuna mafundi wengi humu, wangekitengeneza kwa dakika mbili. Tumekiacha hivyo kwa makusudi.

Ni sisi,
Wasomaji wa Jumapili,
Kantini ya Zamani, Panda, Likasi