Mwendo wa Mnyapara

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bw. Wenceslaus Mihayo anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na tisa katika Kikundi cha Sanaa Msafara, hapa Tabora. Jina hilo la ubatizo watoto wa kuanzia Igalula hadi Igunga hawalijui. Kwao yeye ni Mnyapara, yule kiongozi wa msafara wa kale asiyebeba mzigo wowote ila mwavuli.

Alizaliwa Urambo, kwa wakulima wa tumbaku. Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda kupigana Vita vya Kagera, akarudi na koti la jeshi na maneno machache. Alipojiunga nasi, mchezo wa kwanza ulimtaka ashike bunduki ya mbao. Aliirudisha stoo kwa adabu, akaomba mwavuli. Wenzake hawakumwacha apumue: askari gani huyu anaogopa ubao? Alicheka nao, akafungua mwavuli, akapita jukwaani kwa ule mwendo wake: kifua mbele, kisigino cha kushoto kikiburuzwa, na kila baada ya hatua chache anasimama kujikagua kama bwana harusi. Watu walivunjika mbavu.

Mwendo ukamganda. Alitembea nao mjini, akaenda nao kupokea komunyo, hata padre mmoja alipata kumwomba awe anapita pembeni, maana wanakwaya walikuwa wanashindwa kuimba. Mimi ninayetunza mavazi ya kikundi nilidhani ndivyo Mungu alivyomuumba. Jambo moja tu lilinishangaza: kila tulipoalikwa Mkoa wa Pwani, Mnyapara aliugua.

Sababu tuliijua Aprili mwaka huu. Bi. Kuluthumu, Mzaramo wa Kisarawe, hukohuko Pwani, aliyekuja Tabora kumwoza mjukuu wake, aliletwa kutazama mchezo. Ukumbi mzima ulipocheka, yeye alisimama. Baadaye alikuja nyuma ya pazia, akampa Mnyapara shikamoo yake kwa heshima zote, kisha akamuuliza, "Huo mwendo wa kaka yangu kakufundisha nani?"

Mzee alikaa juu ya sanduku la mavazi, akaeleza yale ambayo hakuwahi kutueleza sisi. Kaka huyo, Adinani, alikuwa rafiki yake vitani. Walitaniana kutwa, Mnyamwezi na Mzaramo, kwa utani walioachiwa na mababu zao wa njia ya misafara. Adinani alipouawa, kazi ya mtani ilikuwa kumwiga palepale msibani, mwendo wake na maringo yake, mpaka waliofiwa wacheke. Lakini adui alikuwa karibu na amri ilikuwa kukaa kimya. Wenceslaus alimzika rafiki yake bila neno. Tangu alipopanda jukwaani amekuwa akimtania, huku akiogopa siku ambayo ndugu wa marehemu wangemkuta mtu wao anachekwa na wasiomjua.

"Sikupata nafasi ya kumtania, dada yangu," alisema.

 Kicheko kikamtoka Bi. Kuluthumu, akafuta macho kwa kanga. "Hata kisigino hukukisahau, Mnyamwezi we. Basi, anua matanga. Umemtania vya kutosha." Sote tulilia, na sioni haya kuliandika.

Kesho yake Mzee aliomba kustaafu. Vijana kadhaa waliutaka mwavuli. Aliwanyima, akapanda treni kuupeleka Kisarawe mwenyewe, bila kuugua popote.

Wiki iliyopita, pale stesheni, nilimpita mzee mmoja akitembea taratibu, ameinama kidogo, visigino vyote viwili vikinyanyuka vizuri. Nilimsalimu kama ninavyowasalimu wazee wote nikaendelea na safari yangu. Ndipo akaniita, "Levina, ndiyo umeshanisahau?"

Hatujakusahau, Mzee Mihayo. Ndiyo kwanza tunakuona. Asante kwa vicheko vyote, vyako na vya Adinani. Kikundi kizima kinakuombea afya na utulivu huko Urambo, na uende kwa mwendo wako mwenyewe.