Emerensiana Lihami na Migono ya Tone Moja la Damu

Emerensiana Lihami alizaliwa Lupiro tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Polikarpo, msukaji wa migono, mitego ya samaki, na mama Apolonia.

Alisoma shule ya msingi Lupiro, sekondari kwa masista Mahenge, kisha kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu 1983. Mwaka 1986 alifunga ndoa na Fulgensi, fundi wa reli Mlimba, aliyelalamika kwamba mkewe hunuka spiriti hata siku ya Pasaka. "Afadhali spiriti kuliko grisi yako, baba Oliva," alimjibu.

Kuanzia 1989 alichambua protini za damu katika maabara ya Mradi wa Homa za Watoto, Ifakara. Mashine ilidai sindano nzima ya damu kwa kila mtoto, hata aliyepungukiwa damu. Hilo lilimkasirisha. Mwaka 1994 alianza kutengeneza mirija myembamba kama unywele, akiishindilia unga wa silika. Protini zilinasa kwenye unga, chumvi ikapita na maji. Ndipo protini zikasukumwa mashineni zikiwa safi. Tone la kidole lilitosha. Aliiita migono. Wa kwanza kizibo cha mkiani kililegea, unga wote ukatoka. Baba yake alicheka: "Mama, mgono uliofunguka mkia ni bomba tu."

Kufikia 1996 migono ilitoa majibu yaleyale ya sindano. Mkuu wa mradi, Dokta Evodius, alikataa. "Wafadhili hawataki vitu vya kusuka nyumbani."

"Basi Dokta, leo wewe mshike mtoto, mimi nichome."

Hakumshika; migono ikaanza kutumika.

Agosti 1997 Emerensiana aligundulika kuwa na saratani ya titi. Alipokuwa yeye matibabuni Dar es Salaam, Dokta Evodius aliifungia migono kabatini bila kimiminika, ingawa pale kila mtu alijua kwamba ikikauka imeharibika. Sindano zikarudi. Emerensiana aliporudi hakulia. Akiwa kitandani alimfundisha kazi Frida, mtaalamu mwenzake wa maabara. Frida alipoanza kutokwa machozi, alimfokea: "Acha huruma, shika mrija!"

Alifariki nyumbani Kibaoni tarehe 11 Novemba 1998, saa tatu asubuhi. Ameacha mume, watoto wawili, Oliva na Beatus, wazazi wake, na mdogo wake Valentino.

Frida anayo migono minne mizima waliyotengeneza pamoja. Jana alizuiwa kuingia nayo maabara. Jumatatu mradi utawachoma watoto wa Lupiro sindano tena. Vipimo hivyo si matibabu, wazazi, msiwapeleke.

Bwana ampe Emerensiana pumziko. Dokta Evodius asilipate mpaka afungue mlango.